Mawimbi Yaliyopindwa Njiani

Iko siku moja ya mvua ambayo hainitoki, mwanangu, siku niliyoamua kwamba nitamwambia baba yako uchumba wetu umekwisha. Alikuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo, akaja kwetu Uthiru kula chakula cha mchana. Mezani, mbele ya shangazi zangu, kila nilichomuuliza alijibu kwa neno moja. Niliumia. Nilijua hanitaki tena.

Kesho yake nilienda chuoni mjini macho yamenivimba. Nilikuwa nasomea nyota, na nilipewa kuchunguza galaksi moja, kundi kubwa la nyota la mbali sana, ambayo kiini chake hutema mkondo mwembamba wa mawimbi ya redio. Mawimbi yale hutoka yakitikisika kwa mwelekeo mmoja, na mwelekeo huo hutuonyesha nguvu za sumaku za kule kwao zimelala upande gani. Niliuchora mkondo wote kwa vishale vidogo vya kuonyesha mwelekeo huo, huku mawazo yangu yakiwa kwingine, kelele za mji zikisikika kwa mbali kama za nchi nyingine. Nikampelekea mwalimu wangu, Daktari Mwende, mama wa Machakos asiyejua kubembeleza mtu.

“Hii umepima na wimbi la urefu mmoja tu?” akaniuliza. “Sasa umejuaje hayajapindwa njiani?”

Maana njiani, mwanangu, kuna gesi yenye sumaku yake, nayo huyazungusha mawimbi polepole yakipita. Wimbi refu huzungushwa zaidi, fupi huzungushwa kidogo tu. Ukilinganisha mawimbi ya urefu mbalimbali, unarudisha kishale kilivyokuwa mwanzo, na juu ya hayo unajua mawimbi yamepita mahali pa namna gani. Nilisimama pale na karatasi zangu, nikimwona akilini baba yako pale mezani.

Jumamosi nikamwita jikoni tumenye viazi. Nikamuuliza kwa Kikuyu kama bado ananipenda, taratibu, bila kumtazama. Kisu chake kikasimama.

“Si ati sikupendi,” akasema. “Nimezoea tu kunyamaza. Kule sikuwa na mtu wa kuongelesha.”

Nililia hadi viazi tulivyotangulia kuvitia motoni vikaungua.

Sasa nasikia unataka kuachana na rafiki yako kwa sababu amerudi si yule wa zamani. Usimpime kwa mazungumzo ya mara moja. Muulize mezani, muulize mkitembea, muulize kwa lugha ya kwao. Akiwa kweli amekuchoka, utajua bila kubahatisha.

Mungu akupe subira ya kusikiliza, mwanangu. Na siku utakayorudi nyumbani wewe mwenyewe umepindika, akupe mtu wa kukuita jikoni.