Nilivyookoka Mara Tatu

Wacheni niwaambie, nimeaibika mbele ya Machakos nzima.

Tangu mke wangu afe, nyumbani kwangu inaongea redio peke yake. Jioni moja nilipita kwenye mkutano wa injili kule Mwala, mhubiri akaita wanaotaka kutubu, nikajikuta mbele. Mama mmoja mhudumu akaniuliza jina, akanishika mkono, akaniombea. Nilirudi nyumbani nikitabasamu kama mjinga. Mkutano ulipofika Katangi nikatubu tena, nikaulizwa jina tena.

Jirani yangu Swaleh, fundi cherehani, aliponiona nikipaka viatu rangi kungoja mkutano mwingine akaniambia, "Mzee, toba si machozi. Ni neno la Kiarabu, asili yake ni kurudi. Unaacha kosa, unamrudia Mungu."

"Basi mimi ndio bingwa," nikamjibu. "Narudi kila mkutano."

Jumamosi iliyopita mkutano ulikuja hapa mjini, nikatoka mbele tena. Mhubiri akanipa maikrofoni nishuhudie, nami nikawafundisha watu maana ya toba kama profesa. Wakapiga makofi. Ndipo yule mama akainuka.

"Pasta, huyu nilimwombea Mwala, nikamwombea Katangi!"

Watu wakacheka. Mhubiri akaniinamia. "Mzee, ni dhambi gani hiyo haikuachi?"

Nilitaka kumnong'oneza tu, nikasahau kwamba maikrofoni bado iko mdomoni.

"Pasta, sina dhambi kubwa. Ni vile hapa mtu anaulizwa jina lake."