Siku Papa Alipokaa Chini

Harufu ya nta nyekundu ya kusugulia sakafu hunirudisha moja kwa moja mtaani kwetu Kampemba, ndani ya saloni yetu. Saloni ni sebule tu, ila kwetu ilikuwa karibu sawa na kanisa: vitambaa alivyofuma Mama juu ya kila kiti, maua ya plastiki yaliyooshwa kila Jumamosi, na meza ambapo Papa, yaani baba yetu, fundi wa reli, alikula peke yake. Sisi watoto wanne tulikula uani na Mama, tukiizunguka mbabula, jiko letu la makaa. Nami nilidhani kula peke yako ndiyo heshima kubwa kuliko zote.

Jumapili moja Papa alimleta mgeni, Mzee Kenji, Mjapani aliyetengeneza mashine kazini kwao. Alivua viatu mlangoni, akatazama meza yenye sahani mbili, akauliza kwa Kiswahili chake cha karakana:

"Batoto beko wapi?"

"Beko nyuma, banakula na mama yabo," Papa akajibu.

Mzee Kenji akaeleza kwamba kwa wazazi wake kulikuwa na chumba kiitwacho chanoma. Meza yake ni fupi, watu hukaa mikekani, na humo humo baba hunywa chai, bibi hushona, watoto huandika kazi za shule na kugombana. Asiyekuwepo hujulikana mara moja. Kisha akaomba mkeka.

Mama nusura azimie. "Mugeni anaikala chini mu nyumba yangu? Bantu batasema nini?"

Lakini mgeni alikwisha kaa. Papa akasitasita, kisha akashuka kando yake, magoti yakilia. Tukaitwa. Tukaingia tukinyata, na bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo.

Tulipokuwa tukila, Papa akanigeukia.

"Weye uko mu mwaka ya ngapi ku masomo?"

"Ya ine, Papa," nikajibu, nikimwonyesha vidole vinne.

"Ya ine?" Tonge likabaki mkononi. "Mi nilizani ya pili."

Akaniuliza jina la mwalimu wangu, akawauliza na wadogo zangu, mmoja mmoja, mpaka sombe ikapoa.

Jumatatu alikula nasi mkekani, na siku zote zilizofuata. Mama alilalamikia madoa ya mafuta majuma mawili, kisha yeye mwenyewe akahamishia ufumaji wake hapo.

Nilikuwa tayari mama wa watoto, Papa aliponiambia kwamba baba yake, mchimba madini, naye alikula peke yake. Hakuwa ameona namna nyingine ya kuwa baba. Miaka yote ile, alisema, alitafuna polepole pale mezani, apate kusikia tunacheka nini kule uani.