Fundi wa Laini Mbili

Fundi wa mtandao hakuamini kitu kilicho peke yake. Mfukoni alikuwa na kalamu mbili na simu mbili, suruali kaifunga mkanda na bado kaivalia kanda za mabegani, na mlango wa duka la kuchapa aliugonga tena hata baada ya kukaribishwa. Katibu muhtasi alimtazama akivuta nyaya kwa vidole vyake virefu, akizinong'oneza kama anayebembeleza mtoto. Wiki iliyopita intaneti ilikatika, kompyuta inayotunza mafaili ikawa haifikiki, na mteja mkubwa akaapa kuhama likitokea tena. Sasa kulikuwa na laini mbili, za kampuni mbili. "Hii ikilala, mwenzake anaamka," fundi alimwambia bosi, akachomoa waya mmoja. Mafaili yakafunguka. Akaurudisha, akachomoa wa pili. Yakafunguka. Bosi akabaki meno nje.

Katibu muhtasi, kuona kazi imekwisha, akafanya anachofanya kila asubuhi: akaenda kuchemsha chai, akachomoa plagi mpya aliyoikuta kwenye soketi yake ya kila siku, akachomeka birika. Taa zote za mitambo zikazimika kwa pamoja. Plagi ile moja ndiyo iliyolisha umeme mitambo ya laini zote mbili. Fundi akaitazama, akavuta kiti, akakaa taratibu.

"Dada, hiyo chai ikichemka naomba kikombe," akasema. Akafikiri kidogo. "Viwili."