Opera ya Sebuleni kwa Nicodemus

Nicodemus, karani mstaafu wa ghala la pamba, aliwadharau watu wote waliokwenda ukumbini kusikiliza muziki. Mtu mwenye akili timamu abanane kwenye benchi na wavuvi wanaonuka shombo, watoto wanamlilia masikioni, ili iweje, na redio zipo? Yake ilikuwa kubwa, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na hakuna mwingine nyumbani aliyethubutu kuigusa. Alijiona msomi kwa sababu tu alisikiliza peke yake.

Basi mwaka wa themanini na saba kwaya ya kanisa ikatunga opera ya kuchekesha, mchezo wa kuimbwa mwanzo hadi mwisho, kuhusu mchumba mlafi aliyeposa nyumba mbili ili ale mara mbili. Rosa, mke wa Nicodemus, muuza samaki pale ufuoni Dunga, akapewa nafasi ya mama mkwe. Redio ingeutangaza mchezo huo moja kwa moja, Jumamosi mchana.

Sasa, muziki wa Waluo ukikolea husimamishwa, na mtu wa jamaa ya mwimbaji huinuka, akamsifu na kujisifu. Ndiyo pakruok. Mwimbaji akikosa wa kumwinukia, watu humwona hana kwao. Rosa alilijua hilo, na wiki nzima alimbembeleza mumewe.

"Baba Apiyo, wimbo yangu itasimama katikati. Wewe ndio unatakiwa kusema. Usiniache hapo."

"Nitakusikia hapa vizuri kushinda hao wote," Nicodemus akamjibu, bila hata kumtazama.

Jumamosi akajimiminia chai, akakaa. Mchezo ulipoanza alikitia kasoro kila kitu. Mchumba aliimba kwa pua. Watu walicheka mahali ambapo hakuna aliyesema neno, akawaita wajinga, kumbe mchumba alikuwa amekanyaga sufuria ya ugali. Kisha sauti ya Rosa ikapanda, nzito na tamu, na hata yule mzee mwenye kiburi akasahau chai yake.

Ngoma zikanyamaza. Kiongozi wa kwaya akauliza mwenye mama huyu yuko wapi.

Kimya. Nicodemus akaipiga redio kofi, akidhani betri zimeisha. Kiongozi akauliza tena, na watu wakaanza kunong'ona. Hapo ndipo Nicodemus akaelewa. Akaruka kitini, akapaza sauti mbele ya meza, "Mimi hapa! Mimi ndio bwana yake!" Redio haikumjali.

Akainuka mtu mwingine kule ukumbini. Alikuwa Dalmas, mchuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, ambaye Nicodemus hakuwahi kumwitikia salamu.

"Mimi Dalmas wa Dunga. Huyu mama akiimba, samaki kwa moto inajigeuza yenyewe. Kama kwao hakuna mtu, sisi wa samaki ndio watu wake."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi, na wote wenye redio kuanzia Port Victoria hadi Sondu wakasikia kwamba Rosa hana mume wa kumsifu.

Rosa alirudi jioni, amesindikizwa na wachuuzi wenzake wakiimba. Nicodemus alimngoja mlangoni, jasho likimtoka.

"Nilisimama, Mama Apiyo," akasema. "Haki ya Mungu, nilisimama."

Rosa akavua kilemba taratibu.

"Nani alikuona?"