Maziwa yaliyokataa kuganda, na kilichompata mjukuu wangu Paskalina

Wakuu, hivi mmeshawahi kuona maziwa ya ng'ombe yamekaa kibuyuni mchana, usiku, na mchana tena, na hayataki kuganda? Unafungua, yanakutazama tu, mepesi vilevile kama yametoka kwenye chuchu saa hiyo?

Shikamooni mlionizidi, na ninyi wengine wote marahaba. Mie bibi yenu wa Qurus, huku Karatu. Shule sikukaa sana, kwa hiyo mkiona herufi imelala njiani mniinulie. Ila haya ni ya kweli, Mungu ananiona na hawa kuku wangu wananiona.

Sasa sikilizeni.

Nilikuwa nimekwenda Soitsambu kwa binti yangu, ameolewa na Wamasai kule. Nimekula nyama mpaka nikasahau ugali unafananaje. Narudi nyumbani nakuta ndoo ya maziwa imejaa pomoni.

Nikashangaa, maana maziwa yetu huwa yanakwenda jikoni kwenye lodge moja ya watalii. Eti Wazungu wanayapenda kwenye kahawa. Sie tunabakiziwa ya kupaka ulimi.

Nikamuuliza mjukuu wangu mkubwa, Safari, ndiye anayeshughulika na ng'ombe. "Vipi, lodge wamefunga?"

"Wiki hii hawachukui, Bibi. Ni yako yote hayo. Gandisha mpaka uchoke."

Weee! Nilicheza pale uani kama bibi harusi.

Nikaosha kibuyu, nikakifukiza kwa kijinga cha moto mpaka kikanukia, nikatia maziwa pamoja na tone la mgando wa zamani liwe mbegu. Hiyo kazi naifanya tangu sijaota meno ya utu uzima.

Kesho yake nafungua. Maji meupe.

Nikangoja. Maji meupe!

Nikamwita jirani yangu Mama Nairoshi, Mmasai huyu, kwa vibuyu humwambii kitu. Akachungulia, akanusa, akacheka mpaka shanga zikalia. "Kibuyu kimezeeka, shoga. Kimefanana na mwenyewe."

"Nyamaza wewe! Cha kwako kinavuja kama mdomo wako."

Tukakiosha upya, tukafukiza upya, tukatia maziwa mengine. Wapi! Mama Nairoshi akaacha kucheka. Akasema kwa sauti ndogo kwamba labda kuna mtu ana jicho baya. Na mie, nisiwadanganye, nilishaanza kupiga hesabu ya wabaya wangu.

Lakini maziwa humwagi. Kwetu kumwaga maziwa ni kutukana ng'ombe. Nikayachemsha nikapika chai, nikampa Paskalina kikombe kikubwa kabla hajaenda shule.

Paskalina ni mdogo wake Safari, yuko darasa la pili. Mtoto mzima wa afya, isipokuwa jambo moja. Alipokuwa mchanga alichomwa sindano ya penisilini akavimba, roho ikabaki puani. Zahanati wakatuambia huyu ana aleji, penisilini asiiguse maisha yake yote. Mama yake kila mganga anayekutana naye anamwambia hilo kabla hata ya salamu.

Basi hajamaliza kikombe, anajikuna shingo. Namtazama, midomo imevimba kama kaumwa na nyuki. Kisha nikasikia kifua kinapiga filimbi.

Jamani. Jamani!

Sikufunga mlango. Mwenye boda alikimbiza ile pikipiki mpaka kitenge changu kikabaki kwenye miiba, sijakiona hadi leo. Mtoto nimembana mbele yangu namwambia, "Vuta pumzi, mama. Vuta tena."

Hospitali wakampokea mbio, wakamchoma sindano ya kumfungua kifua. Daktari, binti mdogo hivi, akanigeukia. "Bibi, kameza dawa gani?"

"Hakuna dawa! Hata kidonge cha kichwa!"

"Karanga? Samaki? Yai?"

"Chai ya maziwa tu. Na maziwa yenyewe yamerogwa, yamekataa kuganda kibuyuni."

Yule binti akasimama. "Yamekataa kuganda?"

Akaniambia mpigie mwenye ng'ombe. Nikampigia Safari, simu ikiwa kwenye spika. Daktari akamuuliza kama kuna ng'ombe aliyetibiwa.

Kisha nikasikia mjukuu wangu anasema polepole, "Malkia alivimba kiwele. Nilimchoma sindano. Ya penisilini. Duka la dawa za mifugo waliniambia nisiuze maziwa kwanza, ndiyo maana nikawazuia lodge."

Wakuu, nilikaa chini sakafuni.

Watalii waliambiwa. Sie hatukuambiwa! Aliposikia usiuze, yeye akaelewa mletee Bibi.

Daktari akanieleza taratibu. Maziwa yanagandishwa na vijidudu vidogo vizuri, vinavyoishi humo. Ile dawa inatoka na maziwa, inaviua. Ndiyo maana kibuyu kilinyamaza. Na kuchemsha hakuiondoi. Akasema pia, tukinywa antibayotiki, yaani dawa za kuua vijidudu kama hiyo, kidogo kidogo hivyo, vijidudu vibaya vinaizoea, kama mbuzi anavyouzoea uzio mpaka siku anauruka. Siku ukiumwa kweli, dawa inakuwa maji.

Mie miaka yote nilijua dawa inaishia kwa ng'ombe!

Paskalina alianza kupumua vizuri jioni. Neno lake la kwanza, "Bibi, kitenge chako kiko wapi?" Nikalia nikacheka vyote pamoja.

Basi wajukuu zangu, funzo ndilo hilo. Ng'ombe akipigwa sindano, uliza dawa gani na maziwa yake yasinywewe mpaka lini. Kisichofaa kwa mteja hakifai kwa mtoto wako. Na maziwa yakigoma kuganda, kabla hujamtafuta mchawi, mtafute aliyeshika bomba la sindano. Mama Nairoshi kanituma niandike hivyo, maana tulishamtaja mtu bure.

Na kwenu huko, ya ng'ombe mgonjwa mnayapeleka wapi? Semeni, msione haya.

Safari yeye alikuja wodini, kofia mkononi, hathubutu kukaa. Akamshika mdogo wake mguu, akaniambia, "Bibi, nakuahidi. Nikimchoma ng'ombe sindano, wa kwanza kujua ni wewe. Kabla ya lodge. Kabla hata ya ng'ombe mwenyewe."