Sahihi ya Malkia kwa Upande wa Nyuma

Belmiro Tavanês aliwanyoa wanaume wa Évora kwa miaka arobaini na mitatu, na akiba yake yote aliimalizia kwenye karatasi kuukuu zilizotiwa sahihi na wafalme wa Ureno. Anazo kumi na moja, kwenye droo iliyokuwa ya mashuka. Mkewe Ludovina, mdarizi, hajaisamehe droo hiyo.

"Wafalme wanalala pazuri," husema. "Mashuka yangu yako chini ya kitanda."

Alichokosa Belmiro ni malkia. Na mwaka huu ukungu ukaanza kumfunga macho.

Jumamosi moja katika soko la Estremoz, tulipokuwa sisi majirani pamoja naye na mkewe, muuzaji Honorato alimtandazia hati mbili za posho za wajane. Zote ziliandikwa *Rainha*, yaani Malkia, kwani malkia hawakutia majina yao. Ya kwanza, herufi zimenyooka, zikifuatwa na vitone vitano, alama ambayo wafalme wa Ureno waliiweka baada ya sahihi. Ya pili imepindapinda, vitone vinne.

"Fundi, chukua hii nzuri," alisema Honorato. "Hiyo nyingine hata mimi naionea haya."

Belmiro aliziinua juani. Aliona weupe mtupu. Akazishusha polepole.

"Vina, niangalizie. Ni mkono wake, au ni ule muhuri?" alimwuliza Ludovina. Maana malkia akiugua, makarani waligonga muhuri wenye sahihi yake.

"Miaka yote hiyo ni usiguse, usiguse. Leo niguse?"

"Gusa, mama."

Ludovina hakuangalia maandishi. Alifanya kama wadarizi wafanyavyo na kazi ya mtu: akageuza nyuma. Kwenye ile nzuri kidole kiliteleza tu. Kwenye ya pili kilikwama.

"Hapa amekandamiza. Hapa karibu atoboe. Hapa ameinua kalamu, kapumzika. Mkono ulikuwa unamuuma, maskini. Kitone cha tano hakukiweza."

"Mama, vitone ni vitano!" alisema Honorato.

"Vya muhuri, ndiyo. Muhuri unaumwa jongo?"

Belmiro alicheka mpaka akafuta macho, kisha akailipia ile ya pili bila kuvutana bei, jambo ambalo hatukuwahi kulishuhudia.

"Sasa nionyeshe," akamwambia mkewe.

Ludovina akamshika kidole, akakipitisha nyuma ya karatasi, herufi moja baada ya nyingine, mpaka pale malkia alipopumzika.

"Hapa?"

"Hapo hapo."

Watu walitupita na vikapu vyao vya jibini. Belmiro hakukiondoa kidole.