Geti la Wenye Magari

Magazeti yalisema vijana wanaoandamana wamechochewa. Sipendi kuamini jambo nisilolichunguza, hivyo asubuhi ya maandamano niliondoka Dagoretti kwa miguu pamoja na Njeri, binti wa jirani yangu. Njeri ana shahada, na husafisha ofisi katika ghorofa moja la Upper Hill. Matatu hazikuwa barabarani, na msimamizi wake alikuwa ameonya: atakayekosa leo hana kazi.

Karibu na machinjio ukungu ulikuwa mzito hata ng'ombe walitupita bila miguu, migongo tu ikielea. Watu walitembea kando ya barabara, wengi wamebeba viatu safi kwenye mifuko, maana soja wanaolinda maofisi hutazama miguu ya mtu kabla ya uso.

Adams Arcade tulikuta mafundi wakipigilia mabati mbele ya vioo vya maduka.

"Anko, tembea!" Njeri alinicheka. "Hii mwendo yako ni ya harusi."

Upper Hill, vilele vya maghorofa vilining'inia juu ya ukungu kama makao ya watu wasiokanyaga chini. Njeri alipangusa matope, akavaa viatu vyake vyeusi.

Soja wa getini alimjua. "Sasa, Njeri? Leo ni magari pekee. Wa miguu wamekatazwa, wasikuje na fujo."

"Fujo gani? Mimi nakuja na mopu!"

"Najua. Hata mimi niko nje, ni vile tu nalipwa kusimama."

Njeri alimpigia simu msimamizi, ambaye siku hiyo alifanyia kazi nyumbani kwake. Jibu lilikuwa fupi: asiyeweka kidole kwenye mashine ya mahudhurio iliyo ndani hakufika, na kazi imeisha. Gari likaja, geti likafunguka polepole, gari likaingia, geti likajifunga.

Kutoka katikati ya jiji sauti za watu zilipanda kama mvua ya mbali.

"Turudi nyumbani," nilisema.

"Nikafanye nini, Anko?"

Akashuka kuelekea mjini, ukungu ukamchukua.

Njiani nikirudi niliwaza. Umaskini tumeuzoea, peke yake haukuwahi kututoa majumbani. Kinachomtoa mtu ni kufika mlangoni mapema, akiwa safi, halafu afungiwe na aliyebaki kwake. Mchochezi sikumwona.

Dagoretti, Mama Njeri alikuwa akikatakata sukuma wiki.

"Baba Kamau, msichana alifika kazi?"

"Alifika. Hawakumfungulia."

"Sasa ako wapi?"

"Ameshuka mjini."

Aliweka kisu chini, akajifunga leso.

"Nionyeshe penye mlipitia."